Polisi mgeni na "ajali" zisizokwisha: filamu kama hii kwetu Mombasa ingekuwaje?

kijana_wa_kibokoni
Salaam jamani. Juzi usiku tulikaa na mabinamu tukaangalia Hot Fuzz, ya 2007 hiyo si mpya, kuna polisi wa London anaitwa Nicholas Angel hodari mpaka anawaaibisha wenzake, basi wakubwa wake wamtupa kijiji kimoja cha Sandford ambako kila mtu mpole na kila anayekufa ni "ajali". Watu wawili wamekatwa vichwa, ajali ya gari. Jiwe la kanisa limemponda mwandishi wa gazeti, ajali. Mama muuza maua kachomwa shingoni na mkasi wa bustani, eti kauangukia mwenyewe. Twacheka mpaka machozi, mara shangazi katokea mlangoni, "mwacheka maiti?" Tukanyamaza kimya. Sasa najiuliza tulikuwa twacheka nini hasa, na mtu akitengeneza kitu kama hicho huku kwetu watu watacheka ama watamlaani?

halwa_na_kahawa
Shangazi ana haki lakini hamkucheka maiti, mlicheka wale wazee wa kijiji wanavyosema "ajali" kwa sauti ile ile ya kukaribisha mtu chai. Na wenzake Angel kituoni wao kula keki tu.

Huku kwetu hata muuaji hahitajiki, naapa. Mpelelezi atoke Nairobi na treni ya asubuhi, ashuke Miritini mchana, foleni ya Changamwe imshike, mpaka afike Mji wa Kale maiti ameoshwa, ameswaliwa, amezikwa. Sisi janaza hatuilazi. Yeye na akili yake ya bara ataona hiyo haraka ni njama! Kufukua kwataka amri ya korti, kwa hivyo hana mwili, hana chochote, ana daftari tu. Ataenda barazani aulize marehemu alikufaje, aambiwe "siku yake ilifika", aandike. Amuulize wa pili, "amri ya Mungu", aandike. Halafu aletewe kahawa na kashata. Kwenye filamu watu wanaficha kweli, kwetu hakuna anayeficha ila kila jibu lasikika kama la mtu anayeficha, hapo ndipo pa kuchekesha.

tuktuk_ya_makadara
😂😂 na akilala hapo siku tatu ashapewa mchumba

Mimi nlipenda pale Angel anapanga kesi yake yote, barabara mpya, bei ya ardhi, nani atatajirika, safi kabisa kama wakili, kumbe wapi. Wale wazee waliwaua wale wawili kwa sababu ya kuigiza vibaya, mwandishi kwa kukosea spelingi, tajiri kwa kujenga nyumba mbaya. Yote wasikose zawadi ya kijiji bora cha mwaka. Mgeni kutoka mji mkubwa hafikirii sababu ndogo hivyo. Na huku Pwani angeanza na shamba na hatimiliki vile vile, kumbe watu hawasemezani tangu harusi fulani biriani ilipowaishia wageni wa upande wa bwana.

bi_mkasi
Wewe tuktuk una adabu kweli? Nlikuwa nusu ya filamu!!!

tuktuk_ya_makadara
Samahani dada yangu, ina zaidi ya miaka kumi na tano lakini.

bi_mkasi
Na mimi nimeianza jana. Haya, nami nikupe moja hujui, Sandford hakuna, wameipigia Wells, mji aliokulia mwenyewe mtengenezaji Edgar Wright, na kanisa kubwa la hapo wakalifuta kwa kompyuta ili paonekane kijiji. Hebu futa Fort Jesus uone kama patabaki Mombasa.

kijana_wa_kibokoni
Shangazi nimemsomea haya yote. Kumbe siku ile hakurudi jikoni, alisimama pale mlangoni mpaka mwisho, akaniuliza yule mama wa maua haswa aliuliwa kwa nini. Nkamwambia alitaka kuhama, wakaogopa kijiji kingine kitapata bustani nzuri kuliko yao. Akasema, "Mama wa mahamri alipotuhama akaenda Kisauni mtaa mzima twalinuna mwezi, lakini kuua mtu?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Yalikuwa mahamri mazuri lakini."