Naomba ushauri kuhusu wimbo wa ziada baada ya DJ kumaliza zamu yake

Ndugu zangu, mimi ni DJ ninayealikwa katika klabu za nchi mbalimbali, na kinachonitatiza ni zile dakika chache baada ya wimbo wa mwisho. Uingereza watu huomba wimbo mmoja zaidi hata taa zikishawashwa, Argentina hupaza sauti “otra, otra” (“mwingine, mwingine”), na Ujerumani huita “Zugabe” (“nyongeza”), ingawa Berlin, ambako saa ya lazima ya kufunga ilifutwa upande wa magharibi mwaka 1949, DJ mara nyingi humkabidhi mwenzake mitambo bila muziki kukatika, hivyo kurudi ni kumpora mwenzako zamu, jambo ambalo kwangu ni utovu wa adabu.

Hivi karibuni, ugenini, nilishusha sauti taratibu na kuvua hedifoni, na ukumbi mzima ukanyamaza ukinitazama. Nikadhani wameridhika, nikafunga mkoba wangu. Baadaye mwenyeji akaniambia kuwa walikuwa wakinisubiri, nami nikaumia sana.

Naombeni mnishauri: mnatofautishaje ukimya wa kuridhika na ukimya wa kungoja, na je, ni vyema kukubaliana na mwenyeji mapema kuhusu wimbo wa akiba, au kufanya hivyo kunaliondolea ombi la wasikilizaji uzito wake?