Tumekalia gesi, mbona bado vibatari?

Mwana Chuno: Jana umeme umekatika saa moja usiku hadi asubuhi. Samaki changu wa shemeji kwenye friji wote wamevunda. Gesi ya Msimbati, huku kwetu Mtwara, inasafishwa Madimba hapo, inakwenda Dar kwa bomba la inchi 36. Sasa wimbo ni Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Mvua zikigoma je? Jua la Mtwara halijawahi kugoma. Kwa nini sola haisemwi?

Fundi Waya: Mkuu, usiku hiyo sola unawashia nini? Paneli si tatizo, betri ndiyo inafilisi. Gesi inazungusha mtambo saa 24. Ila nyie Kusini hamna jema. Bomba mlilipinga 2013, bwawa nalo hamlitaki. Mmekaa vibarazani mnamenya ming'oko, mizizi yenu ya porini, tu.

Binti Mikindani: Ming'oko imekukosea nini? Imetulea miaka ya njaa wakati kwenu mnagombania mahindi ya msaada.

Fundi Waya: Utani huo dada.

Binti Mikindani: Utani una wenyewe. Wewe mtani wangu kwa lipi?

Babu wa Newala: Wajukuu, taratibu. Kuhusu 2013, hatukupinga bomba. Tulitaka mitambo ijengwe huku, umeme ndio usafiri. Hii gesi inajulikana tangu 1974.

Mwana Chuno: 1974 ni ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, babu. Yetu ya Mnazi Bay, hapo Msimbati, ni 1982.

Babu wa Newala: Haya, 1982. Nilikuwa na meno yote.

Fundi Waya: Mnaona? Hata tarehe hamzijui, mnataka kupanga umeme wa taifa.

Binti Mikindani: Umemsahihisha wewe? Si kijana wa hukuhuku! Mama yangu yuko Msimbati, hadi leo anapikia mkaa, gunia linaisha kabla ya mwezi. Njoo umtanie yeye.

Mtu wa Lindi: Afadhali nyie bomba mmeliona. Mtambo wa kusindika gesi wa Likong'o naahidiwa tangu niko sekondari, sasa nasomesha.

Mwana Chuno: Jamani, sola. Bwawa na gesi vyote viwepo, lakini zahanati ya kijijini inahitaji paneli nne na friji ya chanjo, haihitaji kusubiri nguzo.

Fundi Waya: Hapo sibishi. Paneli nne nakufungia hata kesho. Betri nani ananunua?

Babu wa Newala: Binti, hiyo ming'oko Mikindani fungu sasa shilingi ngapi?

Binti Mikindani: Mia tano, babu. Ila ya huyo fundi elfu mbili.