Sufuria inatoa jasho chini kwenye gesi, je nimeuziwa mtungi wenye maji?

vitumbua_moto:
Habari za jioni wakuu. Mimi mama lishe, nauza chai na vitumbua asubuhi, mwezi uliopita nimehama mkaa nikaingia kwenye gesi, mtungi wa kilo 6. Sasa kila nikibandika sufuria ya maji baridi naona tako la sufuria linalowa, matone yanajikusanya mengine yanadondokea motoni yanalia chwaa, baada ya muda kidogo pakavu. Haivuji, nimeikagua, nimejaribu nyingine mbili ni vilevile. Jirani anasema muuzaji kanichakachulia kachanganya gesi na maji. Naombeni anayejua anieleze kabla sijaenda kugombana na mtu wa watu.

mwl_kemia:
Dada usiende. Hayo maji hayajatoka mtungini, yanazaliwa palepale kwenye moto. Gesi ya kupikia ni propani na butani, zote ni kaboni na hidrojeni basi. Ikiwaka inachukua oksijeni ya hewa ya hapo jikoni, kaboni ikishikana nayo inakuwa kabonidayoksaidi, hidrojeni ikishikana nayo inakuwa maji. Yanatoka kama mvuke huyaoni, yakikuta chuma baridi ndo yanageuka matone, sufuria ikishapata moto hayakai tena.
Chukulia mtungi wote ni propani: kilo 6 zinakula oksijeni kama kilo 21.8, zinatoa kabonidayoksaidi kilo 18 na maji kilo 9.8. Jumlisha vilivyoingia, 27.8. Jumlisha vilivyotoka, 27.8. Hakuna hata gramu iliyopotea, vimebadilishana tu wa kushikana naye.

kijana_wa_form3:
Mwalimu hapo umeniacha, gesi kilo 6 itoe maji karibu lita 10? Yazidi gesi yenyewe? Na maji si H2O, hidrojeni mbili oksijeni moja, kwa hiyo sehemu kubwa si ingetoka kwenye gesi?

mwl_kemia:
Swali zuri sana mdogo wangu, wengi wanaanguka hapo. Mbili kwa moja ni hesabu ya atomu, sio uzito. Weka machungwa mawili na tikiti moja kwenye kikapu, kwa kuhesabu machungwa ni mengi, ila kwenye mizani tikiti limeyashinda. Uzito wa atomu ya hidrojeni ukiuita 1, wa oksijeni ni 16, kwa hiyo kwenye maji ni 2 kwa 16, yaani 1 kwa 8. Kwenye zile kilo 9.8 hidrojeni ya mtungi ni kama kilo 1.1 tu, kilo 8.7 zote zimetoka hewani.

mzee_wa_mizani:
Niongezee kidogo. Karne nyingi watu waliamini maji ni elementi, yaani kitu kimoja kisichogawanyika kuwa vitu vingine. Uingereza mwanasayansi Cavendish akachoma hidrojeni akapata maji, halafu 1783 mkemia Lavoisier kule Paris akatangaza kwamba maji yameundwa na vitu viwili. Akageuza na jaribio lenyewe, akapitisha mvuke kwenye mtutu wa bunduki uliochomwa mpaka ukawa mwekundu, chuma kikabaki na oksijeni kikaongezeka uzito, hidrojeni ikatokea upande wa pili. Kila kitu anapima. Shuleni tulikariri tu H2O, mimi nilipoisoma hiyo ya mtutu ndo kemia ikaniingia.

vitumbua_moto:
Asanteni sana jamani, mwalimu Mungu akubariki. Leo gesi imeisha nikapeleka mtungi dukani kwenye mizani ya unga, uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale shingoni na mizani imesoma hivyohivyo, maji hamna. Swali la mwisho, mkaa nimepikia miaka sita sijawahi kuona jasho hili, kwa nini?

mwl_kemia:
Mkaa ulioiva vizuri ni kaboni karibu tupu, hidrojeni yake iliondoka na moshi kule kwenye tanuri. Bila hidrojeni maji yatoke wapi? Kuni zingekutolea. Na dada, ukipika fungua dirisha, zile kilo 21 na ushee za oksijeni zinatoka kwenye hewa hiyohiyo unayovuta.