Balaamu: nabii aliyeharibika, au mganga tangu mwanzo?

Mleta mada
Kwa aliyesahau: katika Hesabu 22 hadi 24, Balaki mfalme wa Moabu anamwita Balaamu mwana wa Beori kutoka Pethori, kwenye Mto Frati, aje awalaani Waisraeli. Madhabahu saba zinajengwa mara tatu: mahali pa juu pa Baali, kilele cha Pisga, kilele cha Peori. Kila madhabahu ng'ombe dume mmoja na kondoo dume mmoja. Piga hesabu: ng'ombe 21, kondoo 21, na laana haikutoka hata moja, ni baraka tupu. Lakini Hesabu 31:8 tunamkuta ameuawa kwa upanga pamoja na wafalme watano wa Midiani. Msimamo wangu: alikuwa nabii wa kweli, tamaa ndiyo iliyomharibu. Anayesema alikuwa mganga tu, alete andiko.

Mzee wa Torati
Maandiko si machache. Hes 22:7, wazee wa Moabu na Midiani walimwendea na ujira wa uganga mkononi. Hes 24:1, mara ya tatu hakwenda kutafuta uaguzi kama hapo kwanza. Basi zile mara mbili za mwanzo alikuwa anautafuta. Yoshua 13:22 inamtaja kama mpiga ramli, na Kumbukumbu 18:10 inapiga marufuku kazi hiyohiyo. Mungu kumtia mtu neno kinywani hakumfanyi kuwa nabii wake. Punda wake naye alisema (Hes 22:28).

Mleta mada
Punda hakujiwa na Roho, mzee wangu. Hes 24:2, Roho ya Mungu ikamjia Balaamu. Na 2 Petro 2:16 inamwita nabii bila kusitasita.

Mchimbaji
Niongeze cha nje ya Biblia. Mwaka 1967, Deir Alla, upande wa mashariki wa Bonde la Yordani, timu ya Waholanzi chini ya Henk Franken ilikuta vipande vya lipu ya ukuta vyenye maandishi ya wino mweusi na mwekundu. Yanakadiriwa kuwa ya mwaka 800 KK hivi. Mhusika ni Balaamu mwana wa Beori, mwonaji wa miungu: miungu inamjia usiku, asubuhi anaamka, analia na kufunga. Jina la BWANA halimo katika vipande vilivyosomeka. Lakini ule ujio wa usiku unafanana sana na Hes 22:9 na 22:20.

Tahadhari tu: maandishi yale ni ya karne nyingi baada ya Musa. Yanaonyesha sifa zake zilivyovuma ng'ambo ya Yordani. Hayathibitishi kilichotokea kule juu Pisga, kwa hiyo wahubiri wasiyatumie kama risiti.

Mzee wa Torati
Mwonaji wa miungu, kwa wingi. Asante.

Dada Mwalimu
Mnabishania cheo, na kwenye cheo kila mmoja wenu ana mistari yake. Swali zito ni hili: kwa kipimo gani mngemkamata? Kipimo ambacho wengi wanakishika ni Kum 18:22, kwamba neno lisipotimia, BWANA hakulisema. Balaamu anakipita hicho bila jasho. Hata ile nyota itakayotokea katika Yakobo (Hes 24:17) ilibaki hai kiasi kwamba Simoni, aliyeongoza uasi dhidi ya Roma mwaka 132 hadi 135, aliitwa Bar Kokhba, Mwana wa Nyota.

Kinachomnasa ni Kum 13:1-3: nabii akitoa ishara, nayo ikatimia, kisha akasema tufuate miungu mingine, msimsikilize. Hapa kwetu mtu akitabiri matokeo ya uchaguzi yakawa kweli, watu hufunga mjadala. Sura ya 13 inaufungua palepale.

Na mwangalieni alivyoteleza. Jibu la kwanza lilikamilika Hes 22:12: usiende, usiwalaani. Wakaja wakuu wengi zaidi, wenye heshima zaidi (22:15), naye akawaambia walale pale akaulize tena. Akaulize nini?

Mpinzani wa Desturi
Mbona mnamhukumu kwa la Peori, pale Waisraeli walipozini na binti za Moabu na kuabudu miungu yao? Hes 24:25 inasema alirudi kwao. Sura ya 25, watu 24,000 wanakufa kwa tauni, na Balaamu hatajwi hata mara moja. Lawama inakuja Hes 31:16, ghafla. Wasomi wengi wanaona hapo mapokeo mawili yaliyounganishwa baadaye. Halafu fedha yenyewe: 24:11 Balaki anamwambia BWANA amekuzuilia heshima. Alilipwa lini?

Dada Mwalimu
Kuhusu mapokeo mawili, inawezekana, mshono unaonekana. Malipo hayaandikwi popote. Yuda 11 na Petro wanalaumu kuupenda ujira, hawasemi aliupokea. Lakini usisome sura ya 25 kana kwamba haina uzi. Mwanamke aliyeuawa na Finehasi, mjukuu wa kuhani Haruni, ni Kozbi, binti Suri, mkuu wa Midiani (25:15). Fungua 31:8: Suri ni mmoja wa wale wafalme watano waliouawa pamoja na Balaamu. Na wazee wa Midiani walikuwa kwenye ujumbe tangu 22:7.

Ufunuo 2:14 ndiyo inayosema wazi: alimfundisha Balaki kuwatega kwa vyakula vya sanamu na uzinzi. Waraka ule ulikwenda Pergamo, kanisa lililolishika jina la Kristo hata Antipa alipouawa.

Mleta mada
Sawa, lakini Mika 6:5 anamtaja bila lawama. Anawataka watu wakumbuke Balaamu alivyomjibu Balaki, basi.

Dada Mwalimu
Malizia mstari, ndugu yangu: "tokea Shitimu hata Gilgali". Kisha soma Hes 25:1 uone Israeli walikuwa wamekaa wapi walipoanza kuzini na binti za Moabu.