Boti ya alumini mita 4.3: ya ribiti au ya kuchomelea?

Mshipi: Wakuu, nina boti mbili za kuchagua, zote zinaruhusiwa injini ya HP 25. Ya kwanza imepigwa ribiti, bati mm 1.6, kitako bapa. Ya pili imechomelewa, bati mm 3, kitako cha V, nyuzi 14 kwa nyuma. Kazi ni nyavu mtoni, na mara nyingine pale mto unapoingia baharini. Ipi?

Taruma: Anza na wimbi, unene wa bati baadaye. Kitako bapa kimetulia ukisimama kuvuta wavu na kinapita maji ya magotini, lakini wimbi fupi hukigonga, na mapigo hayo ndiyo yanayolegeza ribiti. V hulipasua wimbi, ila huyumba zaidi ikisimama na hula mafuta zaidi. Mlangoni mwa mto, mkondo ukipambana na wimbi, chukua ya pili.

Fundi Argoni: Sawa, ila ribiti msiidharau. Ikilegea, watu wawili huikaza: mmoja anashikilia chuma kizito upande mmoja, mwenzake anagonga upande wa pili. Kwenye boti ya kuchomelea, ufa hupenda kutokea pembeni ya mshono, pale joto lilipolainisha bati. Toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa usiendelee, uchimbe, kisha uchomelee upya kwa gesi ya argoni. Kupaka silanti (gundi ya kuzibia) juu yake ni kazi bure. Chungulia na chini ya sakafu: bati nene lenye mataruma (mbavu za boti) yaliyoachana sana hunepa, na kunepa huzaa ufa.

Ngama: Kama zimetumika, zipime kabla ya kulipa. Ikiwa kwenye trela, iegemeze vizuri, mimina maji ndani kina cha sm 5, usizidishe, maana hayo tu yanaweza kupita kilo 200. Futa nje ikauke, kisha tia alama panapovuja kwa chaki, si penseli; grafaiti ya penseli huila alumini penye unyevu wa chumvi. Halafu inua na kushusha mguu wa injini kwa mikono. Ubao wa tezi (ule wa nyuma, injini inapofungwa) ukinepa, plaiwudi yake imeoza.

Taruma: Na povu la kuelea lililo chini ya sakafu, lishike. Likiwa limenywa maji, boti ni nzito na haitaelea inavyotakiwa ikijaa.

Chumvi: Kwa maji chumvi, weka anodi (vipande vya madini vinavyoliwa badala ya boti) za zinki au za alumini, za magnesiamu ni za maji baridi. Rangi ya chini yenye shaba usiiguse kabisa, wala plaiwudi iliyotiwa dawa ya shaba. Boliti za chuma cha pua zitenge na bati kwa wosha za plastiki na silanti. Hasi ya betri isifungwe kwenye bodi: umeme unaovuja hutoboa alumini haraka kuliko chumvi yenyewe.

Mshipi: Shukrani. Injini niliyo nayo ni ya shafti fupi.

Fundi Argoni: Basi pima kimo cha tezi kwanza. Shafti fupi inataka tezi ya sm 38 hivi, ndefu sm 51. Sahani iliyo juu ya propela ikae sawa na mkuku (uti wa chini ya boti) au chini yake kidogo. Ikiwa juu, propela itavuta hewa kila ukikata kona.