Jenereta ndogo haijazi betri ya friji kambini Natron, nakosea wapi?

Dereva wa Lengai:

Habari zenu wakuu. Naendesha Land Cruiser yenye hema juu ya paa, nawapeleka wageni Ziwa Natron kupanda mlima Ol Doinyo Lengai. Nyuma ya gari nina betri ya pili, ya maji, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba), ya kuendeshea friji ya volti 12, taa za kambi, na kuchaji simu na kamera za wageni. Tukiwa njiani sina tatizo, alteneta inaijaza. Tatizo ni tukishafika kijiji cha Engaresero tukakaa siku mbili au tatu gari halijawashwa.

Nimenunua kajenereta ka wati 950, kale ka kuchanganya petroli na oili. Kana tundu la DC lililoandikwa 12V 8.3A. Nikavuta waya mita kumi, ule wa milimita 2.5 za mraba wa kufungia nyumba, ili kelele ikae mbali na mahema, nikabana kwenye vichwa vya betri. Kila jioni nakawasha kwa saa mbili nzima. Asubuhi ya pili mita ya umeme inasoma volti 11.8 na friji imejizima yenyewe.

Safari iliyopita nilifungua friji nikakuta siagi imekuwa mafuta, na nyama kilo nne inanuka. Wageni walikuwa ndio wanashuka mlimani, vumbi hadi kwenye kope, wana njaa. Niliwapa wali na maharage. Hawakulalamika, lakini iliniuma sana, maana wanalipa pesa nyingi na mimi ndiye waliyeniamini. Aliyeniuzia jenereta alisema inachaji betri yoyote. Nikanunue kubwa zaidi, au betri ndiyo imekufa?

Mzee wa Betri:

Pole sana mwanangu. Nimeshika betri za magari hapa Arusha miaka kumi na tisa, na kila mwaka wananijia madereva wenye shida kama yako. Jenereta usiibadilishe. Inakutosha.

Anza na hesabu. Friji ya namna hiyo inakula kama ampea 4 kompresa ikiwa inazunguka. Kwa joto la Natron inazunguka zaidi ya nusu ya siku, kwa hiyo friji peke yake inamaliza Ah 50 hadi 60 kwa siku. Ongeza taa na kamera, tuseme Ah 65. Wewe unarudisha ngapi? Ampea 8 kwa saa mbili ni Ah 16, na hapo nimekuhesabia kila kitu kinakwenda vizuri. Unachota ndoo, unarudisha kikombe.

Tena hakiendi vizuri. Lile tundu la DC si chaja. Linatoa umeme tu, haliangalii betri imefika wapi. Betri ya maji ili ijae inataka isukumwe mpaka volti 14.4 na kuendelea. Sasa angalia waya wako. Mita kumi kwenda na kumi kurudi, ampea 8, unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Hiyo volti moja ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Chukua mita, pima kwenye vichwa vya betri jenereta ikiwa inanguruma. Ukikuta 12.9 au 13, usishangae.

Fanya hivi. Nunua chaja ya ampea 20, ile ya kisasa inayobadilisha hatua za kuchaji yenyewe, yenye mahali pa kuchagua betri ya maji. Iweke karibu kabisa na betri, nyaya zake zisizidi mita moja. Halafu ule umbali wa mita kumi uende kwa umeme wa 220, kutoka jenereta hadi kwenye chaja, kwa waya wenye ganda zito la mpira. Kwenye 220 chaja hiyo inavuta kama ampea moja na nusu tu, kwa hiyo waya uleule haupotezi kitu cha kuhesabu. Lakini ukizipitisha ampea 20 za volti 12 kwenye waya huo wa mita kumi, karibu volti 3 zinabaki njiani. Nimeona watu wananunua chaja ya bei kubwa, wanarefusha upande wa betri, halafu wanarudi kuniambia chaja ni mbovu.

Usidanganyike ukachukua chaja ya ampea 40. Jenereta imeandikwa 950, ila kazi yake ya kudumu ni wati 650 hivi. Chaja ya 20 inakula kama 340, inabeba bila kuhangaika. Ya 40 inakaribia 700, na kajenereta kataanza kukohoa.

Saa mbili na nusu hadi tatu kwa siku zinatosha, mradi uipunguzie na friji kazi. Utaona ampea zinaanza kushuka zenyewe; hapo betri ina kama robo tatu au zaidi, na kilichobaki kinaingia polepole sana. Usichome petroli kwa ajili ya hicho. Ukirudi mjini iache kwenye umeme wa TANESCO usiku kucha ijae kabisa.

Na hiyo 11.8 inanitia wasiwasi. Betri ikitulia na kusoma 12.2 imefika nusu, na hapo ndipo pa mwisho. Ukiiacha chini ya hapo siku nzima, sahani za risasi zilizo ndani zinaota ukoko mweupe, na ukoko huo ukikomaa hautoki. Kabla hujanunua chochote, ichaji mpaka mwisho, fungua vifuniko, pima kila chumba kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri. Vyote vikifika 1.26 hivi, bado ni nzima. Kimoja kikibaki chini peke yake, nitumie picha.

Mama Jiko:

Mimi ni mpishi wa kambi, betri namwachia Mzee. Nina mawili, na naomba msiyapite.

La kwanza, moshi. Mwaka mmoja mvua ilinyesha, kijana wetu akaiingiza jenereta chini ya turubai la jikoni isilowe. Tulikuwa wawili tumelala humo. Niliamka kichwa kinagonga, nikajaribu kusimama miguu ikakataa. Nilimburuta mwenzangu kwa mkono mpaka nje, akatapika mpaka alfajiri. Sumu ile haina harufu, wala huioni. Tangu siku hiyo jenereta inakaa hatua kumi au zaidi kutoka hema lolote, bomba la moshi linatazama nje, na mvua ikija tunaizima. Chakula kiharibike tu.

La pili, muda. Kaka, wageni wako wanaondoka kupanda karibu saa sita usiku. Jioni ndiyo saa yao ya kulala, na wewe ndiyo unawasha? Iwashe saa moja asubuhi. Wako juu mlimani, kambi haina mtu wa kusumbua, na mpaka warudi saa nne au tano umeshazima.

Mzee wa Betri:

Mama Jiko amesema kweli, na asubuhi ndipo betri iko chini kabisa, inapokea kwa nguvu. Kaka, bana klipu za chaja kwenye betri kwanza, ndipo uchomeke 220. Kutoa ni kinyume chake. Mlango wa nyuma uwe wazi, betri ya maji ikichaji inatoa hewa inayoshika moto kwa cheche ndogo.

Kijana wa Sola:

Paneli ya wati 200 kwa jua la kule itakupa kama Ah 60 kwa siku bila petroli. Paa lina hema, sawa, chukua ya kukunja uilaze chini. Jenereta ibaki ya siku za mawingu.

Dereva wa Lengai:

Nimerudi jana. Betri ilipona, vyumba vitano 1.26, kimoja 1.24. Paneli bado najichanga. Nilinunua chaja ya ampea 20, nikaifunga kwa skrubu pembeni ya betri. Kabla sijaibadilisha nilipima kama Mzee alivyosema, nikakuta 12.9. Sasa na chaja inasoma 14.4.

Friji nimeipandisha hadi nyuzi 5, soda nimezihamishia kwenye kasha la barafu, na gari nimeliegesha kivulini mwa mgunga. Asubuhi ya pili betri 12.2, ya tatu 12.2. Petroli lita mbili kila asubuhi.

Wageni walifika kambini saa nne na nusu. Nilikata siagi kwa kisu, ikakatika vipande. Shikamoo Mzee. Mama Jiko, jenereta ilikaa hatua kumi na tano.

Mzee wa Betri:

Marahaba mwanangu. Hicho chumba cha 1.24 kiongeze maji ya betri kama yamepungua, si ya bomba, kisha ukipime tena baada ya safari ijayo.