Makoja ya maua kwenye harusi ya Kihindu, pale wameshaoana au bado?

mkazi_upanga
Wakuu habari za jioni. Juzi tulialikwa harusi ya binti wa jirani yetu, Wagujarati, tumeishi nao ukuta kwa ukuta miaka mingi. Bi harusi kaingia, wakasimama uso kwa uso na bwana harusi wakavishana makoja ya waridi na asumini, ukumbi mzima makofi. Watu wa meza yetu wakaanza kuaga wakijua imeisha, kumbe ndo kwanza wanakaa mbele ya moto na pandit, kuhani wao, anasoma zaidi ya saa nzima. Naomba kueleweshwa, yale makoja hasa ni ya nini, na mbona marafiki wa bwana harusi walikuwa wanamnyanyua mwenzao juu ili bibie asimfikie? Ni dini au utani tu?

shangazi_kisutu
Mwanangu ile ni jaimala, wengine wanaita varmala, na mara nyingi bi harusi ndo anaanza. Anatangaza mbele za watu kwamba huyu nimemkubali, na mwanaume anajibu kwa koja lake. Watu wanaihusisha na zile hadithi za swayamvara, binti wa mfalme anachagua mume mwenyewe, atakayemvisha koja ndo huyo. Sita alimvisha Rama baada ya Rama kuvunja upinde wa mungu Shiva. Ila ninayoipenda mimi ni ya binti mfalme Damayanti kwenye Mahabharata, ule utenzi wa kale wa Kihindi. Alimtaka mfalme Nala, sasa miungu wanne nao wakaja na sura ya Nala, wamesimama watano hawatofautiani hata kidogo. Akawaomba miungu wajionyeshe, ndo akaona wanne hawatoki jasho, hawapepesi macho, miguu haigusi chini, maua waliyovaa mabichi kabisa, halafu mmoja ana kivuli, ana vumbi na maua yake yamenyauka. Akamvisha huyo huyo.

wakili_kijana
Shikamoo shangazi. Naongezea upande wa sheria. India kuna Sheria ya Ndoa za Kihindu ya 1955, kifungu cha 7, kama mila ya wahusika ina zile hatua saba mbele ya moto, saptapadi, basi ndoa inakamilika wakikanyaga ya saba. Kwa hao koja bado. Ila jimbo la Tamil Nadu ni habari nyingine, mwaka 1967 waliongeza kifungu cha 7A baada ya harakati za mwanamageuzi wa huko, Periyar, za kupinga ukuhani na matabaka, kwamba wawili wakivishana makoja au pete mbele ya ndugu na marafiki, wameoana, pandit hahitajiki wala moto, na ikahalalisha hata ndoa za namna hiyo zilizofungwa nyuma. Kuna watu walikuwa wameshazeeka na ndoa ambayo mahakama haiitambui, kwa hiyo msilione koja dogo.

mvita_damu
Kunyanyuana si dini, ni utani wa pande mbili. Lakini wengine kubebwa ni mila yao kabisa, Watamil wajomba ndo wanawabeba maharusi mabegani na makoja wanabadilishana mara tatu, Wabengali bi harusi anabebwa na kaka zake amekaa kwenye kibao, uso kaufunika kwa majani ya tambuu, anazungushwa mara saba kwa mumewe ndo anashusha majani waonane, halafu makoja. Hiyo ina heshima yake. Ila wanaume kumvuta bwana harusi juu mpaka bibie anarukaruka na sari nzito mi sikubaliani nayo, lile ni tendo la kukubali mtu, mwacheni amvishe mumewe kwa utulivu.

mkazi_upanga
Asanteni sana wakuu. Mdogo wake naye kachumbiwa, je mgeni unaweza kwenda na koja lako kama zawadi?

shangazi_kisutu
Ya jaimala familia zenyewe zinaandaa, wewe peleka bahasha na uongeze moja juu, kule India utaona wanatoa rupia 501 au 1,101, haikatwi kwenye sifuri. Na safari hii waambie wa meza yenu wakae mpaka hatua ya saba.